Dorca na Kitabu cha Ngazi

Asubuhi ile Dorca alikuwa anagombana na betri.

Zilikuwa mbili, kuukuu, za tochi. Alikuwa amezianika juu ya bati tangu jua lichomoze, zipate nguvu kidogo, na kila alipozitia kwenye tochi na kubonyeza, mwanga ulitoka mwekundu kama jicho la mlevi. Absalom, mume wake, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akila nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya jana yaliyopashwa moto. Alikuwa anamwangalia tu.

"Zing'ate," akasema.

"Nimeshazing'ata. Meno ndiyo yataisha kabla ya betri."

"Basi soma bila tochi. Jua si liko?"

Dorca akageuka. "Jua liko, Baba Ouma. Na jua likiwa liko, nani ataogopa?"

Ilikuwa Jumamosi, watoto hawakuwa na shule. Leo, alisema, anawamalizia kile kitabu cha ngazi. Walikuwa wamekifuata kwa muda mrefu, kidogo kidogo, na sasa walikuwa wamefika pale pa kushika roho.

Absalom alikijua kitabu hicho. Jina lake hakulijua, maana yeye hakukaa darasani hata siku moja, lakini vitabu vyote vya mke wake alivijua kwa maganda. Kulikuwa na cha popo. Kulikuwa na cha mkono unaotoka kisimani. Kulikuwa na cha treni isiyo na dereva. Hiki cha ngazi kilikuwa na picha ya ngazi za mawe zinazoshuka ndani ya maji, na msichana mdogo ameshika taa, maji yameshamfika magotini.

"Huyo msichana atatoka?" akauliza.

Dorca akaweka tochi chini. "Kwani wewe umeanza kusikiliza?"

"Sisikilizi. Nasikia. Mimi nauza makaa hapo kando yako, masikio nitayapeleka wapi?"

"Kama unataka kujua, njoo ukae chini na watoto. Na ulete kiatu kama wao."

"Kiatu changu?"

Dorca akafikiri. "Hapana, kaa nacho. Kile kwa harufu kitaua watoto wa wenyewe."

Wakacheka. Akanywa chai yake, akajifunga leso, akatwika katoni ya vitabu kichwani. Absalom akafuata nyuma na mkokoteni wa makaa. Njiani Dorca alisimama mara moja, akashika nguzo ya stima, akasema kichwa kinamgonga. "Ni hizo betri," akasema. "Zimenikasirisha bure." Wakaendelea.

Dorca Apiyo alizaliwa Sondu, upande wa Nyakach, pacha wa kwanza. Wa pili ni Seline Adongo. Walifanana mpaka mama yao alimfunga mmoja uzi mguuni. Kwa ajili ya kwao, Absalom alimwita Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, tangu siku ya kwanza walipokutana gatini Kisumu, yeye akiwa mchukuzi wa magunia, Dorca akiwa ameletwa mjini kulea watoto wa Mhindi mmoja. Dorca alikuwa amemaliza darasa la saba. Alipowalaza watoto wa Mhindi aliwasomea vitabu vyao, na watoto wale walipenda vya kutisha tu. Vya mizimu, vya mapango, vya watoto wanaopotea baharini. Akawasomea mpaka wakakua.

Ile familia ilipohama kwenda Ulaya, mama mwenye nyumba alimwambia Dorca achague zawadi yake: sufuria nzito za chuma, au ile katoni ya vitabu vya watoto. Dorca akachagua katoni. Absalom hakumsemesha siku nzima. Sufuria zile zilikuwa nzuri sana.

Wao wenyewe walizaa mtoto mmoja, Ouma. Surua ilimchukua kabla hajajua kusoma. Jina likabaki, wakawa wanaitana nalo.

Goti la Absalom lilipokataa magunia, akaanza kuuza makaa kando ya barabara pale Migosi. Dorca akaweka kibanda chake hapo hapo, kimegusana na cha mumewe. Hakuuza vitabu. Aliviazimisha. Mtoto aliyetaka kwenda na kitabu nyumbani aliacha kiatu cha kushoto, na alipokirudisha kitabu alipewa kiatu chake. Malipo yalikuwa mtungi wa maji, au konzi ya omena, wale dagaa wa ziwani. Ukimwona mtoto wa Migosi anachechemea na kiatu kimoja, ulijua ana kitabu cha Mama Vitabu. Hata mama zao walijua, ndiyo maana walikuja kupiga kelele.

"Mama Vitabu!" Agneta, muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara, alikuja siku moja na mikono kiunoni. "Mtoto wangu anakojoa kitandani kwa sababu ya mashetani yako!"

"Pole, Mama. Kabla ya vitabu vyangu alikuwa hakojoi?"

Agneta akashusha mkono mmoja. "Alikuwa anakojoa. Lakini si hivi."

"Basi mpe hiki cha treni. Hakina maji."

Agneta alicheka mpaka akashika mbavu, akaenda nacho, na jioni yake Absalom alimwona amekaa juu ya kreti ya nyanya anakisoma mwenyewe, mdomo wazi.

Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa Jumamosi, kusoma kwa sauti. Na hapo kulikuwa na shida. Bibi yao Sondu aliwafundisha Dorca na Seline kwamba hadithi za namna hiyo ni za usiku, motoni. Mtoto akisimuliwa mchana hakui, anabaki kimo kile kile. Dorca hakusema anaamini. Hakusema haamini. Alitafuta karatasi nyeusi ya nailoni, kubwa, ile ya kufunikia mizigo, akaitandaza juu ya kibanda mpaka ikagusa ardhi pande zote. Ndani kukawa giza. Watoto wakaingia kwa magoti, wakabanana humo kama dagaa, yeye akawasha tochi chini ya kidevu chake.

"Sasa ni usiku," aliwaambia. "Mwenye kuogopa atoke mapema. Mlango ukifungwa umefungwa."

Hakuna aliyetoka kamwe.

Vitabu vingi vilikuwa vya Kiingereza. Dorca alikisoma kwa macho na kukitoa kwa Kiswahili, na mahali pa kuogopa hasa alikitoa kwa Kijaluo. Sauti alizibadilisha. Alikuwa na ya mtoto, ya mzee, ya mlango, ya maji. Na alikuwa na kunyamaza. Alifika mahali mkono unakaribia kushika bega la mtu, akazima tochi, akanyamaza. Aliwaacha gizani wahesabu roho zao. Absalom, nje kwenye makaa, alikuwa na wateja waliokuja wakakuta kimya hicho wakasimama nao, debe mkononi, hawasemi. Halafu Dorca aliguna, au alikwaruza ubao kwa ukucha, na nailoni yote ikatikisika kwa mayowe.

Jumamosi ile, saa za adhuhuri, alikuwa amefika kwenye ngazi.

Absalom alisikia yote. Msichana alikuwa ameshuka kwenye nyumba iliyo chini ya ziwa kumchukua ndugu yake mdogo, aliyevutwa huko na watu wa maji. Amempata. Amembeba mgongoni. Sasa anapanda kurudi juu, na kila akipanda ngazi moja, maji nyuma yake nayo yanapanda ngazi moja. Taa inafifia. Juu kuna mlango, na haujulikani kama umefungwa.

"Akaweka mguu," Dorca alisema ndani ya nailoni. "Maji yakaweka mguu."

Kimya.

Absalom alikuwa anampimia makaa Abeid, fundi wa nguo, jirani yao, ambaye binti yake Rehma alikuwa humo ndani. Abeid akatabasamu. "Leo amewashika kweli," akasema.

"Leo ndiyo mwisho," Absalom akasema.

Kimya kikaendelea. Halafu Dorca akaguna. Mguno mrefu, mnene, wa kooni, kama kitu kinachoburutwa sakafuni. Watoto wakapiga mayowe kwa furaha. Kitu kikaanguka, pu. Mayowe tena, na vicheko, na "Shhh! Nyamazeni! Anakuja!" Halafu watoto nao wakanyamaza, wakangoja.

Wakangoja. Abeid akachukua makaa yake akaenda, akarudi kuomba kijiti cha kiberiti, na bado kimya. Absalom akasema moyoni kwamba mke wake, kwa kweli, ni hodari.

Ndipo pindo la nailoni likainuka, na Rehma akatoa kichwa kwenye jua, macho amekunja.

"Babu," akasema. "Mama Vitabu amenyamaza sana."

Walimkuta ameegemea mbao, tochi iko chini inamulika viatu vya watoto. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mtoto mmoja mdogo alikuwa bado amekaa mapajani mwake, anangoja.

Makaa yalimwagwa barabarani. Walimlaza Dorca kwenye mkokoteni juu ya magunia matupu, Abeid akavuta, Absalom akasukuma na lile goti lake, mpaka hospitali.

Daktari alisema ni presha. Imepasua kitu kichwani. Upande wa kulia umekufa, na ulimi umefungwa. Absalom aliuliza ulimi utafunguka lini. Daktari alikuwa kijana mpole, na akasema tungoje.

Basi akangoja. Ndiyo kazi aliyobaki nayo. Alikuja mchana wakati wa kuona wagonjwa, akaketi kwenye ubao kando ya kitanda, kofia magotini. Hakuwa mtu wa maneno. Miaka yote maneno ya nyumba ile yalikuwa ya Dorca, yeye kazi yake ilikuwa kujibu. Sasa hapakuwa na kitu cha kujibu. Alimwambia makaa yamepanda. Alimwambia lile gugu la ziwani limeziba gati lote, meli haziendi. Dorca alimwangalia kwa jicho la kushoto, ambalo lilikuwa zima, na kutoka pembeni ya mdomo mate yakatoka, naye akayafuta kwa leso.

Seline alikuja kutoka Sondu. Kwa Absalom hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Uso wa Dorca ukaingia wodini ukitembea, ukakaa ng'ambo ya kitanda, ukafungua mdomo na kusema vizuri kabisa.

"Nilimwambia," Seline alisema. "Bibi alituambia sisi wote wawili. Hadithi za wafu hazisemwi mchana."

"Hakusema mchana, Shemeji. Alikuwa ndani ya nailoni. Mlikuwa na giza humo huoni mkono."

"Kwani Mungu haoni kupitia nailoni?"

Seline akalia, akamsugua dada yake ule mkono uliokufa kwa mafuta, tangu begani mpaka vidoleni, kila siku aliyokuwa hapo. Halafu akarudi Sondu kwa sababu ng'ombe hawakamuliwi na jirani.

Watoto walikuwa hawaruhusiwi wodini. Walimngoja Absalom jioni nje ya nyumba yake. Wote walikuwa wamesharudishiwa viatu vyao, lakini walikuja.

"Babu, amesema?"

"Bado."

"Akisema, muulize kama mlango ulifunguka," Rehma akasema. Yeye alikuwa na miaka kama kumi, mwembamba, msema kweli.

"Nitamuuliza."

Hapo ndipo fikira ilipomwingia Absalom, ikakaa. Kwamba Dorca alikatwa katikati ya neno. Alikuwa amebeba ile hadithi mdomoni, kama mtu aliyetwika mzigo akasimamishwa njiani, hawezi kuendelea, hawezi kutua. Ikiisha, ulimi utafunguka. Hakumwambia mtu. Alijua ni fikira ya mtu asiyesoma. Lakini aliikumbatia, maana hakuwa na nyingine.

Akachukua kitabu cha ngazi, akakifunga ndani ya leso safi, akaenda nacho wodini. Akakifungua mbele ya Dorca. Herufi zilikaa pale, nyeusi, zimejipanga, kila moja imemnyamazia. Akakigeuza. Akakirudisha. Mama mmoja wa kitanda cha pili, aliyevunjika mguu, akamwambia kwa upole, "Mzee, umekishika juu chini."

Kesho yake akaja na Abeid. Abeid alikuwa amefika darasa la nane na alijua Kiingereza cha kukatia suti. Akavaa miwani, akaketi, akafungua palipokuwa na kipande cha kitambaa ambacho Dorca aliweka kuonyesha alipofika. Akakohoa. Akasoma kwa sauti ile anayosomea risiti.

"Msichana, aa, akaweka mguu wake juu ya ngazi. Na maji pia, eeh, yakafanya vivyo hivyo."

Dorca alikuwa anamtazama. Absalom alikuwa anautazama mdomo wake.

Abeid akafungua ukurasa. Akasoma mistari michache zaidi, taratibu. Taa ikabaki kama kaa la moto. Mtoto mgongoni akasema, dada, nimeona. Dada akauliza, umeona nini? Naye mtoto akasema...

Abeid akageuza kitabu, akatazama nyuma yake. Akapitisha kidole kwenye uzi.

"Endelea," Absalom akasema.

"Hakuna, Mzee."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitabu. Kimeishia hapa. Ganda la nyuma lilitoka, na kurasa za mwisho zimeenda nalo. Tazama, zimeng'oka zamani, hata uzi umeshakuwa mweusi."

Absalom hakuelewa. "Lakini alisema anawamalizia. Jumamosi ile. Alisema mwisho anaujua."

Jioni ile walikaa kwa Absalom na taa ya mafuta, wakatoa katoni. Abeid akafungua cha popo nyuma. Hakina mwisho. Cha mkono, hakina. Cha treni kilikuwa na nusu ya ukurasa. Vile alivyoachiwa na Wahindi na vile alivyookota sokoni Kibuye kwenye malundo, karibu vyote vilikuwa hivyo. Ganda likishatoka, kurasa za nyuma hufuata moja moja. Nyingine zimefungia njugu, nyingine zimewashia jiko.

"Lakini Rehma aliniambia mwisho wa hiki cha popo," Abeid akasema. "Alinisimulia wote. Popo alikuwa ni bibi yao, amekuja kuwaonya. Hata mimi nilitoka machozi." Akavua miwani. "Ametoa wapi?"

Absalom alikuwa ameshajua. Alikuwa anamkumbuka Dorca usiku baada ya usiku, katika ile miaka, amelala chali, macho wazi, na yeye Absalom akimuuliza, Nyar Nyakach, hulali? Naye akijibu, kuna watu nimewaacha kwenye pango, nafikiri jinsi ya kuwatoa.

Yeye alidhani ni mzaha.

Kwa hiyo mwisho haukuwa popote. Haukuwa kwenye karatasi ambayo mtu angeweza kuitafuta, akalipia, akaazima, akamwomba mtu wa shule amsomee. Ulikuwa ndani ya kile kichwa kimoja, kilichopasuka.

Abeid alijaribu. Alikuwa mtu mwema. Siku iliyofuata alikaa kitandani akasema, "Basi, Mama, msichana akafika juu, mlango ukafunguka, akatoka na ndugu yake, wakaishi raha mustarehe."

Dorca akageuza uso ukutani.

"Hajapenda," Abeid akanong'ona.

"Hajapenda," Absalom akakubali.

Abeid alipoondoka, naye akajaribu. Aliinama karibu na sikio lake, akaona haya, akatazama kama yule mama wa mguu anasikia. "Msichana," akasema. "Msichana akapanda." Akatafuta. "Akapanda ngazi." Alijua kubeba gunia kutoka melini mpaka ghalani bila kupumzika. Alijua kuwasha makaa mabichi. Hakujua neno linalofuata. Akakaa pale, mkono wake juu ya ule mkono wa baridi, mpaka kengele ya kuondoa wageni ikalia.

Wale watoto wakafanya shauri lao.

Watu wa kando ya ziwa wanajua nyawawa. Ni roho zinazotoka majini na upepo, saa za magharibi, kelele zao kama umati unaopita ukiongea. Zikisikika, kila nyumba hugonga sufuria, mabati, chochote kinacholia, zisiingie, zipite, zirudi ziwani. Kila mtu Kisumu amegonga. Basi watoto wa Migosi walikaa wakafikiri. Mama Vitabu alikuwa akisoma habari za watu wa maji. Akanyamaza. Maana yake ni nini, kama si kwamba watu wa maji walisikia wakiitwa, wakaja, wakamshika ulimi? Na mbona hakuna mkubwa yeyote aliyegonga?

Jua lilikuwa linazama. Absalom alikuwa amechelewa kutoka, ameomba kumlisha uji. Nje ya dirisha la wodi, kwenye nyasi, kukalipuka kelele ambazo hospitali ile haijapata kusikia. Vifuniko, makopo, sufuria, kijiko kwenye sinia, ndoo. Na sauti za watoto, "Zipite! Zipite! Rudini kwenu!" Katikati yao alikuwa Rehma, buibui lake limeanguka mabegani, anagonga karai la mama yake kwa nguvu zote.

"Hii ni nini!" Sista wa wodi akakimbilia dirishani. "Nyinyi! Kuna wagonjwa hapa! Nani amewatuma?"

"Hatujatumwa!" Rehma akajibu, hakuacha kugonga. "Sista, na wewe gonga!"

Yule mama wa mguu alikuwa wa kwanza. Akachukua kikombe chake cha bati akakigonga kwenye chuma cha kitanda. "Zipite!" akasema. Akafuata mwingine. Mwanamke mmoja aliyeshonwa tumbo alicheka huku anajishika, anaomba asichekeshwe. Wodi nzima ikalia kama paa la mabati kwenye mvua ya mawe.

Na Dorca akacheka. Nusu ya mdomo ilifunguka, na ikatoka sauti, mbaya, imekwaruzika, lakini kicheko. Uji ukamwagika kwenye shuka. Absalom alisimama na bakuli mkononi na hakujua aweke wapi.

Askari wa lango aliwafukuza watoto. Walikimbia na vyombo vyao wakipiga vigelegele.

Kutoka siku hiyo neno moja moja lilianza kutoka. "Maji." "Baridi." Siku moja alisema "Seline," na siku nyingine alisema "makaa," kwa kuuliza, naye Absalom akamweleza yote ya makaa kwa urefu, yeye ambaye hakuwahi kusema kitu kwa urefu. Jioni aliwaambia watoto kwamba anasema. Wakaruka. Abeid akaleta biriani. Absalom alianza kufagia nyumba, akaweka kitanda karibu na mlango ili akirudi apate upepo.

Daktari yule mpole alimwita kando akamwambia asifurahi sana. Presha ya namna hii, kuna nyingine huja nyuma ya ile ya kwanza. Absalom akauliza wanaizuia vipi. Daktari akatazama karatasi zake.

Ilikuja. Dorca alizikwa kijijini kwao Absalom, Luanda Kotieno kando ya ziwa, juu kidogo ya mahali wanapoanika samaki. Watoto walioweza walikuja, wengine wakiwa wametoroka nyumbani, na hakuna aliyewagombeza. Seline alisimama kaburini na ule uso. Rehma alimngojea Absalom mpaka watu walipopungua, akamuuliza kama alimuuliza Mama Vitabu.

Alikuwa amemuuliza. Ilikuwa mchana wa mwisho, kabla ya ile ya pili kuja. Dorca alikuwa amechoka, macho amefumba. Yeye alikuwa ameshika kofia yake, amekaa pale pale kwenye ubao, na kengele ya kuondoa wageni ilikuwa imeshalia, na Sista anazunguka akisema haya wazee, haya akina mama, kesho tena. Akajua akinyanyuka bila kuuliza hatalala. Akainama.

"Nyar Nyakach. Watoto wanauliza. Na mimi nauliza. Yule msichana alitoka?"

Dorca akafumbua jicho la kushoto. Akamtazama kwa muda, kama anayetafuta kitu mbali. Mdomo ukahangaika na neno la kwanza, ukaliacha, ukalirudia. Absalom alipoanza kusimama ili asimchoshe, ule mkono mzima ukamshika shati.

"Kaa hapo," Dorca akasema. "Bado anapanda."